Kadija na Upanga Mweusi wa Kina Makwinya

Ukiingia soko la Lindi asubuhi ukasikia mlio wa chuma unaotia meno ganzi, usihangaike kuuliza. Huyo ni Kadija Makwinya. Yuko juu ya baiskeli isiyokwenda popote, kanga moja kiunoni, nyingine kaifunga kichwani, anakanyaga pedeli, jiwe linazunguka, cheche zinaruka, na juu ya kelele zote hizo yeye anaongea. Anaongea na wateja, anaongea na wapita njia, na wateja wakimwishia anaongea na visu. Kisu cha muuza samaki kikiletwa kimepukutika makali, atakigeuzageuza, atakitazama, kisha atakiuliza kwa huruma kabisa nani kakifanyia vile. Mwenye kisu anabaki kusimama pembeni kama mzazi aliyechelewa kumpeleka mtoto zahanati.

Baiskeli ile iliachwa na marehemu mumewe. Arobaini ilipokwisha ndugu wa mume walikuja kugawana vitu, kitanda huku, redio kule, na walipoifikia baiskeli Kadija akaipanda mbele ya macho yao, akamnyang'anya shemeji yake panga alilokuja nalo, akaanza kulinoa palepale uani. Alilinoa vibaya, maana ndiyo kwanza ajaribu, lakini alilinoa kwa hasira mpaka wenyewe wakacheka na kumwachia. Sokoni wakasema hiyo kazi ya kiume, haitafika Ramadhani atakuwa karudi kwenye vitumbua. Thubutu! Kwa jiwe lile alisomesha watoto, akajenga nyumba yake Mitwero, na leo msimu wa palizi wakulima wanashuka kutoka bara na mapanga yao, wanawapita wanoaji wengine bila hata salamu, wanakwenda kupanga foleni kwa mama wa baiskeli.

Sasa huyohuyo Kadija, asiyeogopa chuma cha aina yoyote, alikuwa na chuma kimoja ambacho hakuwahi kuthubutu kukitia mkononi. Nacho kilikuwa cha kwao.

Kina Makwinya wa Kiswere wana upanga. Sisemi panga la kufyekea, nasema upanga, ule mrefu wenye makali pande mbili na kipini cha pembe, ambao bwana harusi wa ukoo huushika siku ya kwenda kuoa. Mwilini joho, kichwani kilemba, mkononi upanga, ndivyo walivyooa wote, babu na baba zao. Aliyeutunza alikuwa baba yake Kadija, Mzee Issa, kwa kuwa ndiye mkubwa. Ikafika zamu ya mdogo wake, Abdulrahmani, kuoa. Mzee Issa alikuwa ameshinda kiangazi kizima kambini kwenye mashamba ya chumvi, akarudi, hata hajapumzika sawasawa, kiharusi kikampiga. Upande mmoja ukafa, ulimi ukafunga, akawa mtu wa kulala kitandani na kutazama watu. Basi siku ya harusi Abdulrahmani akaingia mwenyewe chumbani kwa kaka yake, akauchomoa upanga kwenye ala yake, na alichokichomoa kilikuwa kama kijinga cha moto kilichozimwa. Mweusi tii, toka kipini hadi ncha, una mabaka na vinundu kama kitu kilichoungua.

Jamani, aibu ile! Nje dufu linapigwa, watu wanasubiri, na bwana harusi kashika mkaa. Alijaribu kuukwangua nyuma ya nyumba kwa tupa, jasho linamtoka juu ya joho, hakufika popote, akautupa chini akaenda kuoa na bakora. Mashemeji zake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Lakini kabla hajaondoka alisimama mlangoni akasema, waliokuwa nje wakisikia na aliyelala ndani akisikia, kwamba kaka yake kauua upanga wa ukoo makusudi, kwa kijicho, ili mdogo wake asioe kama alivyooa yeye. Mzee Issa hakuweza kujibu. Machozi yalimtoka, na Kadija, binti mdogo wa kukaa miguuni pa kitanda, ndiye aliyemfuta. Baba yake alifariki baadaye hajatamka neno, na tangu siku ile mabwana harusi wa kina Makwinya wanaazima panga za watu kule Kivinje.

Ungedhani binti wa namna hiyo, siku alipoijua kazi ya chuma, angekimbia Kiswere kwenda kuutazama upanga wa baba yake. Hakwenda. Aliogopa, tuseme kweli. Mwingine anaweza kutazama chuma akajidanganya, mnoaji hawezi, akigusa tu anajua kizima au kimekufa. Je, akikuta kimekufa kweli? Basi maneno ya baba mdogo yatakuwa kweli, na yeye ndiye atakayekuwa shahidi. Kwa hiyo upanga ukabaki kwenye dari la nyumba ya zamani, na Kadija akanoa visu vya Lindi nzima kasoro huo.

Aliyeuleta alikuwa Hussen, mtoto wa mwisho wa huyohuyo Mzee Abdulrahmani. Alifika kwa Kadija Mitwero Jumatano mchana, amebeba kitu kirefu ndani ya gunia la korosho, uso wote meno. Alipomaliza shikamoo dada na kujibiwa marahaba, hakukaa. Harusi yake Jumapili, anamwoa Samia wa Kilwa Kisiwani, na baba yake keshaazima upanga Kivinje, upo umeegemezwa ukutani unasubiri. Yeye haoni raha. Kapanda darini kwa marehemu baba mkubwa bila kumwambia mtu, kauteremsha.

"Dada, mimi sitaki kuingia kwa watu na kitu cha kuazima," akasema. "Wewe utazame tu. Ukisema umekufa, narudi nao na hakuna atakayejua."

Kadija alimtukana kidogo, ile ya kumtukana mdogo wako unayempenda, akamuuliza nani kamtuma kupekua madari ya watu, akamwambia gunia aliweke chini na yeye aende zake kwenye shughuli za harusi. Akaenda. Na gunia likabaki pale barazani.

Alilizunguka gunia lile kama kuku anayezunguka kitu asichokijua. Akafagia uani, uani pakiwa safi. Akachota maji, mapipa yakiwa yamejaa. Aliyemkatisha ni jirani yake Katarina, Mmakonde wa kufa na kuzikana naye, mtani wake kwelikweli, maana Wamakonde na Wamachinga, kabila la kina Kadija, wanataniana hata msibani. Katarina aliingia bila hodi, akalifungua gunia kama lake, akautoa upanga na kuutazama juu chini. Akatangaza kwamba sasa ameelewa kwa nini Wamachinga wanachelewa kuoa, kumbe wanakwenda kuposa na mti wa kuchochea chungu. Kadija akacheka kwa kutopenda. Na kule kucheka kukamfungua mikono. Aliupokea, akaulaza mapajani.

Loo, ulikuwa na hali mbaya! Kipande cha katikati, kama urefu wa kiganja na vidole vyake, kilikuwa kutu tupu, nyekundu, nene, inayobanduka magamba ukiigusa. Kwingine kote ni ule weusi. Kadija akaanza na kutu, kwa kuwa kutu anaijua, ni adui wa kila siku. Akaimwagia mafuta ya taa ikanywa, akaisugua kwa kumbi la nazi, akaifuta, akaimwagia tena. Akaponda ukwaju, akaupaka mzito kama dawa juu ya kidonda, akauacha ufanye kazi yake huku yeye anampikia Katarina chai na kujifanya hana wasiwasi. Alipoufuta, ukwaju ulitoka na rangi ya udongo wa Mitwero. Akarudia. Akachukua msasa laini, akauchovya mafuta, akawa anasugua kwa kufuata urefu wa bapa, taratibu, pumzi kaibana. Kutu ikawa inamtoroka kidogokidogo.

Chini ya kutu akaona mikwaruzo.

Akauinua upanga juani. Akaulaza hivi, akaulaza vile. Ilikuwa mikwaruzo ya tupa, hakuna ubishi, meno ya tupa anayajua hata akifumba macho, na aliyeipiga alikuwa mtu asiyejua kazi tena mwenye hasira, kapiga kushoto, kapiga kulia, kapiga msalaba. Papo hapo akakumbuka baba mdogo nyuma ya nyumba, joho limelowa jasho. Alikwangua hapa katikati tu, kisha akautupa. Na kutu ilikuwa wapi? Hapa katikati tu! Palepale tupa ilipopita, na kuishia palepale tupa ilipoishia. Kutu haina adabu ya namna hiyo, kutu ikiingia inatambaa inakotaka. Sasa nani aliyeizuia huku na huku?

Akauvaa ule weusi. Aliujaribu kwa mafuta ya taa, ukamtazama. Aliujaribu kwa ukwaju, akaongeza ndimu, ukamtazama vilevile. Msasa uliteleza juu yake kama juu ya kigae. Katarina akashauri wautie motoni uungue wote, na Kadija akamgeukia kwa ukali akamuuliza kama kwao wanapika panga, upanga ukiingia motoni ule ugumu wake wote unakwisha, hata tikiti haukati. Ubishi ukawa mkubwa. Jua likawa linashuka na Kadija akaanza kuingiwa na ule woga wake wa zamani. Labda ndivyo ulivyo mpaka ndani. Labda hakuna chuma tena, ni huu uozo tu uliogandamana, na katikati pale ndipo palipobaki pazima.

Akaamua kuuosha angalau, aukaushe, aufunge, amrudishie Hussen. Alikuwa na kawaida yake moja: kila akiosha chuma cha mtu hukimiminia maji yanayochemka, kwa kuwa chuma kikishika joto hujikausha chenyewe na kutu haipati nafasi. Birika lilikuwa bado linatokota baada ya chai. Akaulaza upanga juu ya mawe mawili, akaumiminia toka kipini hadi ncha, mvuke ukapanda ukawafunika nyuso wote wawili.

Katarina akanusa. Akageuka kutazama ua wa jirani, akageuka upande wa barabara.

"Mtani," akasema, "nani anabanika korosho masika yote hii?"

Kadija aliinua pua. Na yeye alikuwa ameisikia. Ile harufu kali inayowasha pua na macho, ambayo mtoto wa Lindi anaijua kabla hajajua jina lake, ya maganda ya korosho yanapotoa mafuta motoni. Korosho zilikwisha zamani, hakuna aliyekuwa nazo. Akainamisha uso mpaka karibu ubabuke kwa mvuke.

"Hakuna anayebanika," akasema. "Ni upanga."

Hapo ndipo akili zote zilipomjia kwa mpigo, akapiga kelele mpaka kuku wakaruka ukuta. Mafuta ya korosho! Yale meusi yanayotoka kwenye ganda, yanayobabua ngozi, ambayo watu wanapaka nguzo za nyumba mchwa asile na matako ya mitumbwi maji yasiingie! Baba yake alikuwa anakwenda chumvini kiangazi kizima. Nyumba iko pwani, hewa yote chumvi, hakuna wa kuupaka upanga mafuta ya nazi kila wiki kama alivyozoea. Akaupaka kitu kisichobanduka, ukaganda, ukafunga kila tundu. Akaenda zake na moyo mweupe. Alirudi auoshe kabla ya harusi, na kabla hajaosha Mungu akamfunga mkono na ulimi. Kadija alikuwa anaongea haya yote kwa haraka, analia, anacheka, kamshika Katarina mabega anamtikisa. Katarina naye analia bila kujua sawasawa analia nini.

Lakini kusema si kuona. Bado ulikuwa mweusi. Na mafuta ya korosho yanaondolewa na nini? Swali gani hilo! Mwanamke gani wa huku amewahi kukaa kubangua korosho bila kupaka mikono majivu? Katarina alishakimbia. Alirudi na sufuria ya majivu ya jikoni kwake, yangali na uvuguvugu, wakayakoroga na maji ya moto mpaka yakawa uji mzito, wakaupaka upanga wote, wakaufunika na gunia lilelile lililoletwa nalo. Kisha wakakaa kuulinda. Kadija hakuweza kukaa. Alikwenda mpaka mlangoni, akarudi, akafunua kidogo, akapigwa kofi la mkono na Katarina, akafunika. Vidole vilikuwa vimeanza kumwasha, ngozi inamvuta, na kila kikimwasha anakitazama kwa furaha kwa kuwa ni ushahidi.

Walipofunua, Kadija alishika kumbi la nazi na kusugua mara moja tu, karibu na kipini.

Weusi ukateleza. Ukatoka kama ukoko wa wali uliolowekwa, na chini yake, wallahi, chuma kikawaangalia. Cheupe, kizima, laini, hakina hata doa, kama kimefunguliwa leo dukani. Kadija alikigusa kwa ncha ya kidole. Akakigusa tena kwa kiganja kizima. Kilikuwa hai. Akaketi chini kwenye tope la majivu, akaukumbatia upanga mapajani na kusema baba, baba, baba, basi, hana neno lingine.

Siku zilizofuata Lindi haikunolewa. Waliokuja sokoni wakakuta nafasi tupu, na waliomfuata nyumbani wakafukuzwa. Alirudia majivu mpaka weusi ukatoka wote hadi kwenye ncha. Pale katikati palipoliwa alipashughulikia kwa jiwe la mkono, si la baiskeli, akapatuliza, akapalainisha, lakini vishimo vya kutu vilikuwa vimeingia ndani na aliviacha. Kuviondoa ni kuulia upanga nyama yake. Mwisho akaupaka mafuta ya nazi kwa kitambaa cha shuka kuukuu, na ukawa unaonyesha uso wako ukiutazama. Ala ya zamani ilikuwa imeoza, basi Katarina akashona nyingine ya kitenge chekundu, kila mshono na tusi lake la utani.

Jumapili asubuhi yeye na Katarina walifika Kiswere. Njia nzima Kadija alikuwa anapanga maneno. Alikuwa nayo mengi, aliyatunza toka utotoni, na alikuwa ameyapanga vizuri, la kuanzia, la kuumiza, la kumalizia. Atayasema mbele ya watu kama yalivyosemwa yale mengine mbele ya watu. Uani palikuwa pamejaa, pilau linaepuliwa, kosta ya kuwapeleka Kilwa Masoko imeshawasha injini ili wawahi boti ya kuvukia Kisiwani. Mzee Abdulrahmani amekaa kitini, kanzu inameta, na upanga wa Kivinje umeegemea ukuta nyuma yake. Kadija akapiga goti, shikamoo baba mdogo, mzee akaitikia marahaba mwanangu, mbona umechelewa.

Kabla Kadija hajafungua kinywa, Katarina akampita, akauchukua ule upanga wa Kivinje, akaukalia. Akawatangazia Wamachinga kwamba huu ameuteka, ndiyo haki yake ya utani, na bwana harusi wao leo ataoa na mwiko. Ua mzima ukavunjika kwa kicheko. Na hakuna la kufanya, maana mtani akiteka kitu harusini ukikasirika wewe ndiye mshamba. Mzee Abdulrahmani alitabasamu kwa meno ya mbele tu, akatazama saa yake, akawaomba watu wambembeleze mama yule. Ndipo Kadija alipomwekea kitenge chekundu mapajani.

Mzee aliuchomoa akiwa bado anatabasamu. Ulipotoka wote, mwanga wake ukampita usoni. Alijua palepale. Kipini kile hakuna asiyekijua katika ukoo. Hussen alikuwa mlangoni na kilemba chake, hakuthubutu kusogea.

Mzee akapitisha kidole gumba juu ya bapa, polepole, toka kipini. Kidole kikafika katikati, kikasita.

"Hapa pameliwa," akasema.

Kadija akatafuta yale maneno yake. Hakuyaona. Alimwona mzee tu, na sura ile inayofanana na ya baba yake kupita kiasi.

"Hapo ndipo ulipokwangua kwa tupa, baba mdogo. Kwingine kote alikopaka baba hakuna kutu."

"Alipaka nini?"

"Mafuta ya korosho. Alikuwa anakwenda chumvini akauficha usiliwe. Alirudi auoshe uoe nao, akaanguka."

Mzee akamtazama. "Mbona hakuniambia?" akauliza. Na lilipokwisha kumtoka akasikia mwenyewe alichokiuliza. Hakuna aliyemsaidia, kila mtu pale alijua Issa Makwinya alikuwa katika hali gani siku ile.

Dereva wa kosta akapiga honi, kuna mtu akaenda kumnyamazisha. Kisha mzee akainuka na upanga mkononi, akasema gari lingoje. Hakusema anakwenda wapi. Alipita kati ya masufuria, akapita nyuma ya nyumba, akashika njia ya mikorosho, na watu wakamfuata kwa vile hawakujua wafanye nini kingine, Hussen na joho lake kalishika lisiburuze, Katarina na upanga wa Kivinje kwapani, Kadija mbele yao wote.

Kaburi la Mzee Issa liko hapo nyuma, hata si mbali, na mdogo wake hakuwahi kulikanyaga. Tangu asubuhi ile ya harusi yake hakuwahi tena kumwamkia kaka yake, si alipokuwa amelala ndani anamtazama, si alipozikwa. Alikuwa akipita dirishani kama hapana mtu. Sasa akavua viatu. Akasimama miguuni pa kaburi, mzee mzima wa mvi tupu, akainama kama wanavyoinama wadogo.

"Shikamoo, kaka," akasema.

Upepo kidogo kwenye majani, basi. Akangoja, na ilikuwa dhahiri anangoja kwelikweli, kichwa chini, kama mtoto aliyekosa asiyejua kama ataitikiwa au atafukuzwa. Akasema tena.

"Shikamoo, kaka."

Kadija alimtazama. Si desturi, haijapata kuonekana, binti kuitikia shikamoo ya baba yake mdogo. Lakini aliyetakiwa kuitikia alifungwa ulimi siku nyingi, na hapo hapakuwa na mwingine wa kumsemea.

"Marahaba," akasema Kadija.

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akaufuta upanga kwa ncha ya kanzu yake mpya, upande huu na upande huu, akageuka, akampa mwanawe.